Igizo Mwaloni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maigizo Yetu ya Dawa za Kulevya na Umaskini

Sisi ni kikundi cha maigizo cha hapa Mwanza. Tunacheza mialoni, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, sokoni, kwenye viwanja vya mitaa ya milimani, popote watu wanapoweza kukaa wakatazama. Kila tukimaliza watu hutuzunguka na maswali, na mengine hutufuata mpaka kwenye daladala. Hapa nimeyakusanya yale yanayorudi kila mara. Mimi ndiye mchokoza mada wa kikundi, kwa hiyo majibu haya yamepitia kwa wenzangu wote, ila sehemu nyingine mtaisikia sauti yangu mwenyewe.

Mnafanya nini hasa?

Tunacheza igizo fupi, dakika 20 hivi, juu ya jambo linalowaumiza watu wa pale pale tulipo. Igizo linaisha vibaya: kijana yuko mahabusu, mama ameuza taa za mtumbwi, binti ameacha shule. Hapo tunakatisha. Ninaingia uwanjani na kuwaambia watazamaji kwamba tunalirudia tangu mwanzo, na safari hii yeyote atakayeona mahali ambapo mtu angeweza kufanya vingine, apaze sauti: "Simama!" Waigizaji wanaganda. Aliyesema anaingia, anachukua nafasi ya mhusika, anajaribu njia yake.

Waigizaji wetu hawamrahisishii. Anayecheza askari anabaki askari, na tajiri wa mtumbwi anabaki na roho yake ile ile. Njia ikishindikana, wote tumeona imeshindikania wapi. Ikifanikiwa, nawauliza watu: hii inawezekana hapa kwetu, au ni ya kwenye igizo tu? Swali hilo ndilo huchukua muda mrefu kuliko igizo lenyewe. Tumewahi kukaa Igombe kwa saa mbili na nusu kwa igizo la dakika 18.

Si mambo ya wazungu haya?

Jina kubwa katika aina hii ya maigizo ni Augusto Boal, Mbrazili, ambaye kazi yake ilikua katika miaka ya 1970 akiwa uhamishoni baada ya kukamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa nchi yake. Kuna kisa chake maarufu cha Peru, mwaka 1973. Siku hizo watazamaji walikuwa wakitoa mapendekezo na waigizaji wakiyatekeleza. Mama mmoja alitoa pendekezo lake, waigizaji wakalicheza, akasema sivyo. Wakarudia, akasema bado sivyo. Mwishowe akaombwa apande jukwaani alionyeshe mwenyewe. Tangu hapo mtazamaji akawa na ruhusa ya kuingia.

Lakini anayedhani kwamba Msukuma alihitaji kusubiri Brazil ili ajue mtazamaji ana nguvu, hajawahi kufika Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza ngoma zao kwa wakati mmoja, kila upande na mbinu zake, huyu na chatu, yule na majembe ya bugobogobo, na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Hukumu inatolewa kwa miguu. Ukichosha watu, wanahama mbele ya macho yako.

Na maigizo ya aina hii yamefanyika mkoani kwetu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahadhiri wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba. Waliwauliza watu matatizo yao kwanza, wakayatengenezea ngoma na michezo pamoja nao, wakayajadili hadharani. Yaliyojitokeza ni mimba za wanafunzi na vijana kukosa kazi. Miaka 40 na ushei imepita, na ukikaa leo na akina mama wa Kayenze watakutajia hayo hayo mawili, kisha wataongeza la tatu: unga, yaani heroini.

Kwa nini mnachanganya dawa za kulevya na umaskini kwenye igizo moja? Si kila mtu maskini anatumia.

Kweli, na wenye fedha nao wanatumia. Tofauti ni kwamba mwenye fedha anatumia nyuma ya geti, na akianguka ana mtu wa kumlipia matibabu. Maskini anatumia hadharani, anakamatwa hadharani, na gharama ya kukamatwa kwake inalipwa na mtu mwingine ambaye hajawahi hata kushika msokoto. Mara nyingi ni mama yake.

Nieleze kwa igizo letu tunalolicheza zaidi, tunaliita "Taa". Kijana wa miaka 19 ni kibarua kwenye mtumbwi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Wanaingia ziwani jioni na kurudi alfajiri, siku baada ya siku, mpaka mbalamwezi itoke. Ziwani usiku kuna baridi inayopenya mifupa, na usingizi ukikushika juu ya mtumbwi unaweza usirudi. Wenzake wanampa bangi, ya kuondoa baridi na woga. Malipo ni mgawo: mapato yakishatolewa mafuta, chakula na sehemu ya tajiri, kinachobaki ndicho wanachogawana, na kuna giza zima, yaani usiku wote wa giza wa mwezi huo, ambalo hakibaki kitu. Siku za mbalamwezi anashuka mjini hana kazi wala fedha, na huko kuna mtu anayemjua kwa jina na kumpa kete ya kwanza, kifurushi kidogo cha unga, bure.

Anakamatwa na kete moja na msokoto mmoja. Mama yake, mwanika dagaa, anakwenda kituoni. Askari wa kwenye igizo anamwambia "tuone tunavyoweza kulimaliza". Mama anarudi nyumbani, anazichukua taa mbili ambazo mwanawe alikuwa ameanza kuzinunua kidogo kidogo ili siku moja awe na mtumbwi wake, anazipeleka kwa tajiri yule yule na kuziuza kwa bei ya kutupa. Kijana anatoka. Hana taa, hana kazi, alosto, yale maumivu ya kukosa dawa, imempanda. Baada ya wiki moja anakamatwa tena. Hapo ndipo tunapokatisha.

Tulilicheza mwalo mmoja kaskazini mwa jiji, saa kumi jioni, dagaa zikiwa bado kwenye vichanja. Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma kabisa na gunia tupu kichwani. Nilidhani anapita tu. Mama wa kwenye igizo alipotoka kituoni kwenda kuzifuata taa, akapiga kelele "Simama!", akalitua gunia, akapita katikati ya watu mpaka uwanjani. Hakusema neno. Akavua khanga ya begani, akaitandika chini mbele ya "askari", akakaa, akanyoosha miguu. Kisha akasema: "Nitakaa hapa mpaka uniandikie karatasi mwanangu kakosa nini."

Mwigizaji wetu, ambaye amecheza askari huyo mara nyingi, alikosa la kujibu. Akajaribu ukali. Mama akatulia. Akajaribu upole: "Mama, nenda nyumbani tutakuita." Mama akasema, "Dagaa zangu ziko juani, nazo zinangoja karatasi."

Watu walishangilia mpaka mzee mmoja mvuvi akasimama: "Mayu (mama), kwetu hapa ukikaa hivyo unafungiwa na wewe." Na hapo mjadala ukaanza. Je, wakikaa kumi? Je, akiwepo mwenyekiti wa mtaa? Kijana mmoja akaingia kama msaidizi wa kisheria, kazi ambayo wengi pale hawakujua kwamba inatambuliwa na sheria tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Akauliza kosa lina dhamana au halina, akakumbusha kwamba dhamana ya polisi kwa kosa lenye dhamana hailipiwi. Tulipopita tena baada ya mwezi, namba ya simu ya msaidizi wa kisheria wa kata ilikuwa imeandikwa kwa mkaa kwenye mlango wa kibanda cha kuhifadhia magunia. Hatukuiandika sisi.

Ndiyo maana tunavichanganya. Kete na taa zimo katika hesabu moja ya nyumba moja.

Kwa hiyo mnatetea dawa za kulevya?

Hapana. Tumezika watu. Ninawajua vijana wawili tuliosoma nao shule ya msingi ambao heroini iliwamaliza, mmoja nikiwa namuona kila siku pale stendi mpaka siku ambayo sikumuona. Hakuna igizo letu hata moja linalomwonyesha muuzaji kama shujaa.

Tunachouliza ni kama adhabu tunazotoa zinampata anayestahili. Anayeleta mzigo na anayebeba kete moja mfukoni hawafanani, na macho ya watu wengi yamezoea kumtazama huyu wa pili kwa sababu ndiye anayeonekana.

Sheria inasemaje?

Haya si ushauri wa wakili; ukiwa na kesi, tafuta wakili au msaidizi wa kisheria. Inayotumika ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995 na ambayo imefanyiwa marekebisho tangu hapo, yakiwamo ya 2017. Bangi na mirungi zote ni marufuku. Kusafirisha kiasi kikubwa kunaweza kumfunga mtu maisha.

Neno la kulichunga ni hilo "kusafirisha". Mtaani tunadhani ni kupakia gari au boti. Kisheria ni pana zaidi: kuuza, kununua, kutoa, kuhifadhi, hata kuwa nayo. Kijana aliyewekewa kifurushi chumbani na rafiki yake "nitunzie mpaka kesho" hajui kwamba anaweza kuitwa msafirishaji. Tuna kipande kifupi cha dakika nane juu ya kifurushi hicho tu, na ndicho wanafunzi wa vyuo huniuliza maswali mengi kuliko vingine vyote.

Tukumbuke pia kwamba ziwa hili ni la nchi tatu. Kwa jirani zetu Kenya mirungi ni zao halali la biashara. Ikivuka mpaka inakuwa kosa kubwa. Mtu anayeishi kwa kuvuka maji hawezi kuielewa tofauti hiyo asipoelezwa kwa lugha anayoijua.

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya yenyewe inataja kazi zake kuwa ni pamoja na kupunguza upatikanaji wa dawa, kupunguza uhitaji, na kupunguza madhara kwa watumiaji. Hayo mawili ya mwisho hayafiki mwaloni kwa kasi ya difenda. Katika maigizo tunauliza kwa nini.

Methadone je? Si ipo Mwanza?

Ipo. Tanzania ilianza kutoa tiba hiyo Muhimbili mwaka 2011, na hapa kwetu kliniki iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Ni dawa ya kunywa, inatolewa bure, na inamwondolea mtu alosto ili aweze kuamka akafanya kazi. Nimeona mtu akirudi kwa watoto wake kwa sababu ya kikombe kile, na yeyote anayeidharau mbele yangu tutabishana.

Watu wengi huielewa vibaya kwa mambo mawili. La kwanza, ni kwa wanaotumia heroini na jamii yake. Haitibu bangi, mirungi wala gongo. La pili, kwa kawaida dozi inanywewa mbele ya mhudumu, kila siku, siku zote za wiki. Sasa ipigie hesabu hiyo kwa mtu wa Igombe: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, nusu ya siku, kila siku, na hana kibarua. Mvuvi anayekaa kambini visiwani giza zima afanyeje? Achague ziwa au achague dozi?

Tuna onyesho ambalo mtu anahesabu sarafu kituoni, hazitoshi, daladala linaondoka, anabaki amesimama. Halina maneno kabisa. Siku tuliyolicheza Buhongwa, kondakta mmoja aliyekuwa akitazama alisema "Simama!", akaingia, akamwambia "Panda, utanilipa ukipata kazi." Mwingine akamjibu kwa sauti kutoka nyuma: "Na kesho? Na keshokutwa?" Mjadala ulihama kutoka kwenye huruma ya kondakta hadi kwenye umbali wa kliniki. Hapo ndipo sera ilipo, kwenye nauli.

Kwa nini hamsemi "teja"?

Kwa sababu mama yake hamwiti hivyo. Kwenye igizo mhusika mbaya anaweza kulitamka. Sisi wenyewe tunasema mtumiaji, mraibu, au jina la mtu.

Igizo linaandaliwaje?

Kwa kusikiliza kwanza. Tunakaa wiki mbili tatu mahali bila kucheza chochote. Tunakunywa chai kwa mama ntilie, tunasaidia kugeuza dagaa vichanjani, tunapiga stori kijiweni. Hatuendi na madaftari. Daftari linafunga midomo. Usiku ndio tunaandika.

Kisha tunaunganisha. Kisa kimoja kwenye igizo huwa kimetokana na visa vitano au sita vya watu tofauti, na tunabadilisha umri, mtaa, kazi na idadi ya watoto. Kama mtu mmoja tu anaweza kusema "huyu ni mimi" na jirani zake wakamtambua, tumekosea, tunavunja tunaanza upya. Kama watu kumi watasema "huyu ni mimi", tumefika.

Mazoezi ni magumu kwa anayecheza nafasi ya mkandamizaji. Askari, tajiri, pusha, baba anayemfukuza mwanawe: wote lazima wawe na sababu zao za kweli. Askari ana kodi ya nyumba. Tajiri ana mkopo wa injini. Ukimchora kama shetani, mtazamaji anapambana na shetani, na akirudi nyumbani hakutani na shetani, anakutana na mtu.

Tarehe inapangwa na mwezi wa angani. Kwa wavuvi wa dagaa tunacheza wakati wa mbalamwezi, wakiwa nchi kavu. Mwaka wetu wa kwanza hatukulijua hilo. Tulifika mwaloni na ngoma zetu tukawakuta watoto na mbuzi.

Watumiaji wenyewe wanaigiza?

Wapo wenzetu ambao wamepitia huko, na bila wao tungekuwa tunaigiza vitu vya kwenye runinga. Ila hatumruhusu mtu kucheza kisa chake mwenyewe. Anacheza baba, anacheza daktari, anacheza tajiri. Sababu ni mbili: kulirudia jeraha kila wiki mbele ya watu kunaumiza, na maneno yanayosemwa hadharani yanaweza kumfuata hadi kituoni au kwa mwenye nyumba wake. Hatuwataji, hatuwapigi picha, na tunapoita "Simama!" hatumuulizi mtu yeyote kama anatumia.

Anayekuja mazoezini amelewa hatumfukuzi. Anakaa, anakunywa uji, anatazama. Kucheza atacheza siku nyingine.

Kuna onyesho lililowaharibikia?

Lipo, na bado linaniuma. Mwanzoni kabisa tulikuwa tunacheza maigizo ya kuhubiri, kama yale tuliyoyazoea tangu shule: mtumiaji anaingia amechanika nguo, udenda unamtoka, anaanguka, watu wanacheka, mwisho anakufa na mtu anasoma ngonjera ya "vijana tuache dawa". Tulikuwa Igogo. Watu walicheka sana. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa mbele, kofia imeshuka usoni, akainuka taratibu akapita katikati yetu akatoka. Mwenzetu mmoja alimfuata. Alichosema ni kwamba alikuja kwa sababu aliambiwa kuna watu wanaweza kumwelekeza pa kupata tiba.

Hatukumpata tena. Lile igizo hatujalicheza tangu siku ile, na mtu akituomba "lile la kuchekesha" tunakataa hata kama ana bahasha.

Mnahitaji vibali?

Ndiyo, usicheze bila kufuata utaratibu. Tunaanza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, tunakwenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na mkusanyiko mkubwa tunautolea taarifa polisi. Kikundi kisajiliwe Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Mwaloni, zungumza pia na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa mwalo, maana pale wao ndio wanaojua nani anatua lini. Beba nakala za barua zote kwenye mfuko wa plastiki. Mvua za ziwani hazipigi hodi.

Polisi na viongozi hawawakasirikii?

Wengine hukasirika. Tumewahi kusimamishwa katikati ya onyesho na kutakiwa kueleza ni nani "aliyetutuma". Tumewahi pia kunyimwa uwanja siku yenyewe, watu wameshakaa, bila barua wala sababu. Yote hayo yaliumiza, na yalitufundisha kualika kabla. Sasa tunawaalika wenye mamlaka wakae mbele kama watazamaji wengine, nao wana haki ile ile ya kusema "Simama!"

Siku moja askari aliyekuwa likizo, amevaa kiraia, aliingia kuchukua nafasi ya askari wetu. Alionyesha jinsi anavyobanwa yeye: wakubwa wanataka idadi ya waliokamatwa, na mwenye kete moja ndiye rahisi kumpata. Hakuna mtu aliyemzomea. Mama mmoja akamuuliza, "Sasa mwanangu, ukishatimiza hiyo idadi, unga umepungua?" Akafikiri kwa muda mrefu, akasema haujapungua.

Mnacheza kwa lugha gani?

Kiswahili, na Kisukuma kinapokuja chenyewe. Ukerewe wenyeji hutusaidia kwa Kikerewe na Kijita. Anayeingia uwanjani aseme kwa lugha anayolilia.

Watoto wanaruhusiwa?

Wanakuja tu, huwezi kuwafukuza mwaloni. Kwa hiyo hatuonyeshi namna dawa inavyoandaliwa wala inavyotumiwa, hata kwa kuigiza. Kete ni jiwe dogo lililofungwa kwenye karatasi na halifunguliwi kamwe. Kwa shule tuna igizo jingine, na tunalicheza kwa ruhusa ya walimu na wazazi.

Fedha mnatoa wapi?

Michango yetu, na wakati mwingine wafadhili. Mfadhili akitaka tubadilishe mwisho wa igizo, tunamshukuru tunaachana naye. Gharama kubwa ni nauli na chakula cha waigizaji, maana nao ni vibarua: siku ya igizo ni siku ambayo hawakubeba mzigo Mwaloni Kirumba. Vifaa ni ngoma mbili, khanga, taa, benchi moja, na kofia ya askari tuliyoishona wenyewe isifanane na ya kweli.

Igizo likiisha, nini hubadilika? Umaskini si uko pale pale?

Uko pale pale kesho yake asubuhi. Sitamdanganya mtu.

Kinachowezekana ni hiki. Boal alichaguliwa kuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro akatumikia kuanzia 1993 hadi 1996, na yaliyotoka kwenye maigizo ya mitaani aliyapeleka baraza la jiji. Sheria 13 zilipitishwa kutokana na kazi hiyo. Sisi hatuna diwani, lakini tuna mikutano ya hadhara ya mitaa na vijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Kila onyesho mwenzetu mmoja huandika yote yaliyopendekezwa, na mwishoni tunayasoma mbele ya watu, wanachagua moja au mawili ya kupeleka mkutanoni, na wanateua watu wao wa kuyapeleka. Si sisi. Tukipeleka sisi yanakuwa ya wasanii.

Yanayorudi mara nyingi ni nauli ya kwenda kwenye methadone au huduma kusogezwa karibu. Kijana anayetoka mahabusu au nyumba ya upataji nafuu (sober house) asinyimwe nafasi kwenye vikundi vya mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na mgawo wa mtumbwi uandikwe mahali ili kibarua ajue anadai nini. Jambo la mgawo lilinishangaza. Sikudhani igizo la unga lingeishia kwenye daftari la mahesabu ya dagaa, lakini wavuvi wenyewe walifika huko mara tatu, mialo mitatu tofauti. Mwalo mmoja sasa wanaandika. Daftari linakaa kwa mama anayeuza chai, kwa sababu pande zote mbili zinamwamini.

Niko Musoma, au Sengerema, au Bukoba. Naanzaje?

Tafuta watu watano ambao hawatachoka haraka, na angalau mmoja wao awe amepitia unayotaka kuyaigiza. Kaeni mahali pamoja mkisikiliza kabla ya kuandika mstari wowote. Tafuteni namba ya msaidizi wa kisheria wa kata na ya mtoa huduma za afya, na muwaombe wawepo siku ya kwanza, kwa sababu watu watawauliza mambo ambayo mwigizaji hana haki ya kuyajibu kwa kubahatisha. Igizo liwe fupi. Mchokoza mada awe mtu anayeweza kunyamaza: baada ya kuuliza, hesabu kimoyomoyo mpaka ishirini kabla ya kusema tena, kwa kuwa "Simama!" ya kwanza huchelewa, na mara nyingi hutoka nyuma kabisa, kwa mtu uliyedhani anapita.

Na bebeni taa. Mkianza saa kumi, giza litawakuta bado watu wamekaa.